Pigo la Nne kwenye Nguzo ya Mama

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliishia nimelamba ukuta wa nyumba ya mama yangu. Najua wako waliocheka. Mmoja alinipigia simu kabisa, akaniuliza kama ukuta wa sebuleni una ladha kuliko wa jikoni. Nikamtukana, nikakata.

Kwa wewe unayenikuta leo, jina langu Dercio, Mmakonde, nachomelea vyuma kwa mkataba kule Madimba. Mama yangu, Deolinda, alikuwa akiishi Mahurunga mpaka Ruvuma ilipofurika ikaichukua nyumba yake ya udongo, naye akakutwa asubuhi amekaa juu ya paa la jirani na sufuria moja mkononi. Nikaapa mbele ya watu kwamba mama huyu hatakaa tena kwenye nyumba ya kubomoka. Nikamhamishia kitongoji kimoja upande wa baharini, nikampa kazi fundi Saidi.

Tuliandikishana. Nguzo na linta ya baraza, ile boriti ya zege inayobeba paa, zifungwe nondo nne nne za milimita kumi na mbili. Zege lichanganywe mchanga wa mto, uletwe na lori. Baada ya miezi minane ukuta ukaanza kutoa unga mweupe, nikaulamba, nikakuta chumvi ya bahari: mchanga wa ufukweni, na chumvi yake hula nondo.

Sasa elewa jambo moja. Mama yangu hakai ndani. Kutwa nzima yuko barazani anabangua korosho, na juu ya kichwa chake kuna linta ya zege ya mita nne, imelala juu ya nguzo mbili. Nilipotema ile chumvi sikuwaza fedha wala mkataba. Niliwaza kile kichwa chenye mvi.

Elewa na la pili. Mimi mkono wangu hufika kabla ya akili. Mnaokumbuka habari ya yule mlinzi na meno yake mawili sina haja ya kuwaeleza.

Nilianzia Mikindani, dukani kwa Abbasali, kwa sababu nondo nilinunua kwake na nilizihesabu mwenyewe zikipakiwa. Nilitaka aniambie kama chuma chake kina kasoro. Nilikuwa nimeshajiandaa kumkunja.

Abbasali alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Bwana Dercio, nondo zako si ulizirudisha?"

"Nani alizirudisha?"

"Fundi wako. Siku ya tatu tu. Alikuja na guta lake la matairi matatu, akasema umebadilisha ramani, baraza halina uzito tena. Akachukua za milimita nane. Nilikupigia, hukupatikana."

Kweli sikupatikana. Kule kazini simu tunaziacha getini.

Niliipiga teke ndoo ya misumari, ikamwagika duka zima. Wateja wawili wakatoka nje. Sakina, mkewe Abbasali, alikuja kutoka nyuma na ufagio, akanipa mkononi. Nikafagia misumari yote, mtu mzima mimi, jasho linanitoka, huku nawaza nitamuua vipi Saidi.

Lakini hapo lazima niwaambie Saidi ni nani kwangu, maana bila hivyo hamtanielewa.

Saidi ni Myao. Sisi Wamakonde na Wayao ni watani, na kama hujakulia huku kusini utadhani ni mchezo. Mtani akikutukania mama, unacheka. Akiingia jikoni kwako akala mboga ya chakula cha jioni, unacheka. Msibani atalala kaburini akatae kutoka mpaka umpe kitu, na wewe mfiwa utacheka na machozi yako usoni. Mama yangu anapikia wanaume watatu kwenye kitongoji kile, na Saidi ni wa kwanza. Humwita "mke wangu". Mama humjibu kwamba talaka yake iko njiani. Na kumpiga mtani ni aibu ambayo watu watamhadithia mjukuu wako.

Kuna swali moja tu linaloweza kuusimamisha utani. Unamwuliza mtu: utani au kweli? Akijibu kweli, wote wananyamaza, na jambo linakuwa jambo.

Siku ya kupaua nyumba ya mama tulipika wali na pweza, kitongoji kizima kikaja. Saidi akapanda juu ya ile linta, akakaa miguu ikining'inia, akaanza.

"Huyu Mmakonde hajui nyumba, anajua kinyago tu. Nimemwekea mchanga wa ufukweni na nondo za kufungia mbuzi. Siku akipiga chafya, baraza lote linashuka."

Watu walivunjika mbavu. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikampa jogoo. Nikamrekodi na simu, na video ile nimewaonyesha wenzangu kazini si chini ya mara kumi.

Aliniambia kila kitu. Mchanga ameniambia, nondo ameniambia, mpaka siku ya kuanguka ameniambia. Mimi sikuuliza lile swali. Nilitoa jogoo.

Ndiyo hasira niliyotoka nayo Mikindani. Sehemu yake ilikuwa ya Saidi, na sehemu kubwa ilikuwa yangu mwenyewe, na ile ya kwangu sikuwa na mahali pa kuipeleka.

Nilimkuta Madimba anapiga plasta ukuta wa duka la mtu. Sikusalimia. Nilimpiga ngumi ya sikio, akaangukia karai la plasta. Akainuka na mwiko mkononi, na msidhani mwiko wa fundi ni kitu butu, ule unanolewa na mchanga kila siku. Akanichana mkono wa kushoto kuanzia kiwikoni. Damu ilipotoka nilifurahi, nakiri, maana sasa nilikuwa na sababu. Nilimkaba shingo, nikakigonga kichwa chake kwenye ukuta mbichi mara mbili, plasta ikabaki na alama ya uso wake.

Vibarua wanne walinitoa juu yake. Mama mmoja muuza maandazi aliacha beseni lake, akaja akanisimamia mbele. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba mtani hapigwi, na kwamba yeye anamjua mama yangu.

Saidi alitema jino. Akalitazama kiganjani, akacheka.

"Nilikuambia, mtani. Mbele ya watu. Ukanipa na jogoo."

Tukapelekwa kwa Josephu, mwenyekiti wa kitongoji cha mama, mkono wangu umefungwa tambara na mdomo wa Saidi umevimba. Nilieleza yote, nikatoa karatasi ya makubaliano, nikaeleza habari ya duka. Halafu nikafanya kosa. Nikatoa simu nikawaonyesha video, nikidhani ndiyo ushahidi.

Ilipofika pale kwenye nondo za kufungia mbuzi, ofisi nzima ilicheka. Mwenyekiti mwenyewe alijitahidi kujizuia, lakini mabega yalimtingishika. Saidi alicheka huku ameshika taya. Nilisimama katikati yao na damu inadondoka sakafuni, nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza miezi minane nyuma.

"Saidi. Utani au kweli?"

Kicheko kikakatika. Saidi alinitazama. Meno yake yalikuwa mekundu.

"Utani," akasema.

Mwenyekiti alikata shauri kama wanavyokata wazee wa huku. Mimi nitoe mbuzi kwa kumpiga mtani. Kesho yake, saa nne asubuhi, yeye na wajumbe watakuja nyumbani kwa mama na patasi, nguzo moja ichokonolewe kidogo tu, nondo ionekane, tujue mbivu na mbichi. Mpaka hapo mtu yeyote asiiguse nguzo. Alirudia: mtu yeyote. Na alinitazama mimi.

Nilishonwa mkono zahanati, kisha nikampigia mama nikamwambia asikae barazani. Akasema korosho zake ziko barazani. Nikamwambia linta itamwangukia. Akasema Saidi amekula kwake juzi, na mtu hawezi kula kwako huku anajua paa lako litakuua. Mama yangu anaamini hivyo kweli.

Asubuhi niliazima pikipiki ya mwenzangu, nikaazima na nyundo ya kilo tano. Msiniulize nyundo ilikuwa ya nini. Nilijiambia ni ya kumsaidia mwenyekiti.

Nilifika saa tatu. Mama alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, nikasikia anakuna nazi. Na barazani, kwenye kigoda cha mama, alikuwa amekaa Saidi na kikombe cha chai. Pembeni yake kulikuwa na mirunda miwili, ile miti ya kutegemezea zege, pamoja na kamba na nyundo yake ndogo ya kazi.

Nilielewa mara moja. Mtu mwenye nguzo nzima haji na mirunda.

Alipoona nyundo yangu aliweka kikombe chini, akasimama na mikono wazi. Kwa haki ya Mungu nitawaambia alichosema, kwa sababu nimeapa kwenye safu hii kwamba sitajisafisha. Alisema anajua mambo yameharibika. Alisema amekuja mapema ili aitegemeze linta kabla watu hawajaanza kuchokonoa, maana nguzo ya kulia haitaki mzaha. Ikishategemezwa, ataivunja mwenyewe na kuijenga upya kwa nondo za kumi na mbili, kwa jasho lake, hata kama itamlazimu kuuza guta lake. Aliomba siku kumi na nne. Aliomba nisiiguse nguzo.

Mtu mwenye akili angekubali. Nyumba ingetengenezwa, mama angekuwa salama, na mimi ningekuwa na mbuzi mmoja pungufu tu.

"Jana mbele ya mwenyekiti uliniambia utani," nikamwambia.

"Jana nilikuwa na aibu, mtani."

Nilipiga. Pigo la kwanza lilibandua plasta ya nguzo ya kulia. Pigo la pili likatoa unga mweupe, ukaniingia puani. Saidi alinishika kiuno, nikamsukuma kwa kiwiko cha mkono ulioshonwa jana, nyuzi zikaachia. Pigo la tatu lilitoa pande la zege la ukubwa wa kichwa cha mtoto, na ndani yake nikaziona.

Nondo mbili. Si nne, mbili. Nyembamba, na kutu imezila mpaka zimebaki kama waya wa kuanikia nguo. Niliingiza kidole nikazitingisha, zikatingishika.

"Umeona," Saidi alisema. Alikuwa amekaa chini, anahema. "Haya, umeona. Ni kweli, Dercio. Siyo utani, ni kweli. Sasa simama kando niweke mirunda. Nakuomba."

Hapo nilikuwa nimeshinda. Ushahidi uko wazi, mdaiwa amekiri kwa mdomo wake, mwenyekiti yuko njiani. Kilichobaki ni kuweka nyundo chini nikae nisubiri.

Wiki sita zote nilizowaandikia nilikuwa na visingizio. Hasira, pombe, watu wabaya. Kwa pigo la nne sina. Nilisikia lile neno kweli, nikakumbuka nilivyocheka, nikakumbuka jogoo, nikapiga. Sikumpiga Saidi. Nilipiga nguzo, kwa nguvu zangu zote, mahali pale pale palipochimbika.

Na mama alikuwa ametoka. Alisikia vishindo, akaja kupitia mlango wa mbele na kanga kiunoni, akanyoosha mkono anishike bega. Nilimwona nyundo ikiwa imeshaondoka.

Nguzo haikuvunjika. Ilimumunyika, ikashuka yote kwa mpigo mmoja, na juu yangu nikasikia linta inalia.

Mimi niliruka nje. Ndiyo, niliruka nje. Mkono wangu hufika kabla ya akili, na siku ile miguu nayo ilifika kabla ya mkono. Aliyeruka ndani ni Saidi. Alimsukuma mama kifuani kwa mikono miwili, kwa nguvu, mama akaruka hatua tatu mpaka uani, akaangukia mkono, nikasikia mfupa ukikatika. Halafu linta ikashuka, na bati zikaifuata, na vumbi likafunika kila kitu.

Vumbi lilipotua, Saidi alikuwa amelala chali, na zege limemlalia kuanzia mapajani kwenda chini. Hakulia. Alikuwa anatazama nondo za linta zilizochomoza karibu na uso wake. Nazo zilikuwa mbili.

Zuhura, jirani wa mama, alikuwa kisimani, nikasikia anapiga yowe na watu wanaitikia kutoka mashambani. Nilikuwa na dakika moja kabla hawajafika, pengine mbili. Msomaji, mtu mwema angezitumia kuinua zege. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba mpaka chooni, nikaitumbukiza nyundo ya kilo tano shimoni, nikasikia ilivyozama. Nilipogeuka, mama alikuwa ananitazama. Alikuwa amekaa chini uani, amekumbatia mkono wake uliovunjika, na kutoka pale alipokaa choo kinaonekana vizuri.

Nikakimbia kwa Saidi, nikaanza kuinua.

Watu walifika, wanaume wakashika ile mirunda aliyoileta mwenyewe wakaiingiza chini ya zege, wakahesabu wakainua, mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikapanda kiasi cha kiganja, nikamvuta kwa makwapa. Miguu ilikuja ikiwa imegeukia kusikostahili. Waling'oa mlango wa chumbani kwa mama wakamlaza juu yake. Mtu mmoja alikimbilia barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali. Zuhura alimfunga Saidi mapaja kwa kanga mbili, juu kabisa, na kanga zote mbili zikabadilika rangi.

Saa nne kasoro mwenyekiti Josephu akaingia uani na wajumbe wawili. Mmoja wao alikuwa na patasi mkononi. Walilitazama baraza, wakamtazama mtu aliyelazwa juu ya mlango, na yule mwenye patasi akaificha nyuma ya mgongo kama imemtia aibu.

Mwenyekiti aliokota kipande cha zege, akakiponda kwa vidole, kikawa mchanga. Akazitazama nondo. Alisema mbele ya wote kwamba mimi nilisema kweli, na kwamba alinicheka, na ananiomba radhi.

Sijawahi kuombwa radhi na kiongozi maishani mwangu. Ilikuwa itanifurahisha sana siku nyingine yoyote.

Halafu akainama penye kisiki cha ile nguzo ya kulia. Akapitisha kidole kwenye alama. Mtu aliyekaa na mafundi anajua alama ya nyundo.

"Nguzo hii imegongwa," akasema. "Nilikataza. Nani ameigonga?"

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo, na nilikuwa nasema, ila sijui nilikuwa nasema nini.

Mama aliniwahi.

"Saidi ameigonga mwenyewe," alisema. "Alikuja asubuhi na nyundo yake, ile pale. Alitaka kunionyesha kwamba nguzo yake ni imara. Mwanangu amefika imeshaanguka."

Watu wote wakaitazama ile nyundo ndogo karibu na mirunda. Mmoja akatikisa kichwa. Mwingine akasema malipo ni hapa hapa duniani. Nikaona uongo wa mama yangu unaingia ndani ya watu, mmoja baada ya mwingine, kwa urahisi, maana nondo mbili zilikuwa pale na hakuna aliyekuwa tayari kumhurumia mwenye nondo mbili.

Saidi aligeuza kichwa juu ya ule mlango. Alikuwa mweupe kama ukuta wake. Alimtafuta mama kwa macho mpaka akampata.

Hakumwita mke wangu.

"Mama," alisema. "Utani au kweli?"

Hakuna aliyecheka. Mama alinitazama mimi. Saidi naye akayafuata macho yake, akanitazama.

Mwenyekiti Josephu aliwatazama wote wawili, kisha akaniangalia kuanzia kichwani kushuka chini. Aliona unga mweupe umejaa kwenye nywele za mikono yangu mpaka viwikoni. Aliona na nyuzi zilizoachia. Alikuja akasimama karibu nami, karibu kabisa.

"Dercio," akasema, "mtani wako ameuliza. Mjibu."